Inua Pikapu Yako kwa Gharama Ndogo, Lakini Uinue kwa Akili

Siku hizi mkulima wa skimu mwenye pikapu si jambo la ajabu. Mashamba yaliyoanza kugawanywa mwaka wa 1962 kwa mpango wa Eka Milioni Moja sasa yanalimwa na watoto na wajukuu wa wale waliokabidhiwa kwanza, na mazao yake lazima yafike sokoni kwa wakati. Maziwa yataka kufika kituoni kabla jua halijapanda. Viazi vyataka kufika Nairobi kabla havijageuka rangi kwa kupigwa na jua. Kwa hiyo pikapu ni chombo cha kazi kama jembe, na mwenye nayo lazima aijue kama anavyomjua ng'ombe wake.

Tabu ni kwamba pikapu moja hutumwa katika njia mbili zisizofanana. Asubuhi hutoka shambani, tuseme upande wa Njabini katika Kinangop, ambako udongo ni mzito na maji hutuama juu yake wakati wa masika. Magurudumu ya malori yamechimba mifereji miwili, na katikati kumebaki tuta refu la matope. Mchana pikapu hiyo hiyo imekwisha kupita Flyover na kushuka mpaka Nairobi. Mwenyewe akiisha kushusha mzigo Marikiti, hufuata Jogoo Road kwenda Buruburu kumwamkia mwanawe aliyeajiriwa mjini. Huko nako, kati ya Mumias South Road na Rabai Road, kuna matuta ya kupunguza mwendo na mashimo yanayokwaruza tumbo la gari lililoinama.

Basi wakulima wengi huuliza: Je, naweza kuinua pikapu yangu bila kumaliza pesa za mbegu na mbolea? Jibu ni kwamba yawezekana. Ziko njia za gharama ndogo, na mafundi wa jua kali wa Eastlands huzifanya. Lakini ziko njia nyingine za rahisi ambazo mwisho wake ni gari kupinduka mteremkoni na watu kupoteza maisha. Soma maneno haya kwa makini kabla hujamkabidhi fundi ufunguo.

PIMA KWANZA

Usinunue kitu chochote kabla ya kupima. Simamisha pikapu mahali palipo sawa kabisa, kwa mfano kwenye sakafu ya saruji. Hakikisha tairi zote nne zina pumzi ya kutosha. Chukua utepe wa kupimia, upime kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, uandike katika daftari. Kisha pima kutoka ardhini mpaka kile kitu kilicho chini kuliko vyote: difu, bomba la moshi, au bamba la chini ya injini.

Sasa pakia mzigo wako wa kawaida, upime tena. Tofauti ya vipimo hivi itakuambia habari nyingi. Kama upande wa kushoto na wa kulia unahitilafiana kwa zaidi ya nusu inchi hivi wakati gari ni tupu, yamkini springi moja imechoka au jani lake limevunjika. Kama gari tupu limesimama vizuri lakini linalala chini likipakiwa, huenda kosa si la gari bali ni la mzigo. Kumbuka kwamba kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kilo 50 kuwa mwisho wa uzito wa gunia. Magunia 20 ya namna hiyo ni tani moja kamili. Tazama kitabu cha gari lako au kibandiko cha mwenye kiwanda, ujue limeundwa kubeba kilo ngapi. Kuinua gari hakuongezi hata kilo moja ya mzigo linaloruhusiwa kubeba.

JUA NI KITU GANI KINACHOGONGA

Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa zao. Katika pikapu nyingi, magurudumu ya nyuma yameungwa kwa ekseli moja nzima, na katikati yake pana difu, lile tufe la chuma lenye gea ndani. Ekseli hiyo hukaa moja kwa moja kwenye magurudumu. Springi ziko kati ya ekseli na chesisi.

Fikiri basi. Ukiongeza urefu wa springi, chesisi na bodi vitapanda juu, lakini difu haitapanda hata kidogo, maana yenyewe haikukalia springi. Ni springi zilizoikalia. Kitu pekee kinachoweza kuinua difu kutoka ardhini ni gurudumu lenye kimo kikubwa zaidi.

Kwa hiyo, kama tuta la katikati ya njia linakwangua difu, usiende kununua vyuma vya springi, havitakusaidia. Kama kinachogonga ni bomba la moshi, tangi la mafuta, ngazi ya mlango au sehemu ya nyuma ya bodi, hapo springi zitakusaidia sana. Chunguza chini ya gari uone mikwaruzo iko wapi. Chuma kilichokwanguliwa hung'aa, nacho hakidanganyi.

NJIA YA KWANZA: RUDISHA KIMO KILICHOPOTEA

Pikapu nyingi zinazosemwa kuwa ni fupi hazikuundwa fupi. Zimezeeka. Springi ya majani ikibeba mzigo mzito miaka kumi, hupoteza upinde wake na kulala kama ubao. Kabla ya kutafuta kimo kipya, rudisha kile cha zamani.

Mwambie fundi afungue springi, atenganishe majani, na kuyasafisha kwa brashi ya waya. Jani lenye ufa litupwe. Bushi za mpira zilizolika zibadilishwe. Bei yake si kubwa na kelele nyingi za chini ya gari zitakoma. Majani yaliyo mazima lakini yamelala yaweza kukunjwa tena yapate upinde.

Lakini angalia jinsi yanavyokunjwa. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani kwa namna maalum: kilipashwa moto mkali, kikapozwa kwa ghafula katika mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kiwe kigumu bila kukatika. Fundi akikipiga kwa moto wa gesi mpaka kiwe chekundu na kukipinda, ameharibu kazi hiyo yote. Jani hilo litalala tena upesi, au litakatika ukiwa njiani. Jani likunjwe likiwa baridi, kwa mashini ya kukandamiza au kwa nyundo, kidogo kidogo kwa urefu wake wote. Ukiona mtungi wa gesi unaletwa karibu na springi zako, simamisha kazi. Na ujue kwamba hata springi iliyokunjwa vizuri haidumu kama mpya. Baada ya muda itashuka kidogo.

Waweza pia kuongeza jani moja. Springi nzima za mitumba na majani ya kuongeza hupatikana Kirinyaga Road, ile iliyoitwa Grogan Road zamani, na mafundi wa chuma wako Gikomba na Kariobangi Light Industries, karibu na Buruburu. Jani la kuongeza liwe na upana ule ule wa majani mengine, na unene usiozidi wa yale yaliyomo. Gari litapanda na halitalala chini ya mzigo kama zamani. Hasara yake ni kwamba likiwa tupu litakuwa gumu na kurukaruka, hasa kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Ongeza moja, usiongeze matatu. Springi isiyopinda kabisa huhamisha mapigo yote kwenye chesisi, na chesisi ikipasuka utakuwa umeuza ng'ombe kununua kamba.

NJIA YA PILI: TAIRI ZENYE KIMO

Tumekwisha sema kwamba tairi ndiyo pekee inayoinua difu. Hesabu yake ni rahisi, na kila mkulima aweza kuifanya kwa penseli. Maandishi ya tairi husomwa hivi. Tuseme tairi yako imeandikwa 205/70R15. Upana ni milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 143 na nusu. Rimu ni inchi 15, sawa na milimita 381. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo jumla ya kimo ni 143.5 mara mbili, na kuongeza 381, ambayo ni milimita 668.

Sasa chukua tairi ya 235/75R15. Kwa hesabu ile ile utapata karibu milimita 733. Tofauti ni milimita 65 hivi. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, basi difu itapanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 33, au inchi moja na robo. Inchi moja na robo yaonekana ndogo katika karatasi, lakini katika matope ndiyo tofauti ya kupita na kukwama.

Kuna mambo manne ya kuangalia. Kwanza, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, uone kama tairi inakwaruza madigadi au chesisi. Pili, spidomita itadanganya: kwa tairi za mfano wetu, ikionyesha kilomita 80 kwa saa, wewe kwa kweli unakwenda karibu 88. Tatu, injini itapungukiwa na nguvu kidogo mlimani, kwa hiyo tumia gea ya chini mapema. Nne, tazama tarakimu ya uzito iliyoandikwa ubavuni. Tairi nene ya gari la starehe yaweza kuwa dhaifu kuliko tairi nyembamba ya gari la mizigo.

Usinunue tairi mbili kubwa za nyuma na kuacha ndogo mbele, hasa kama pikapu yako huvuta kwa magurudumu manne. Magurudumu yasiyolingana kimo hupigana yenyewe kwa yenyewe, na gea zilizo kati yao huvunjika. Na kama tairi zako zinaelekea kwisha, ngoja zimalizike ndipo ununue za kimo kikubwa. Hivyo hutakuwa umelipa mara mbili.

NJIA YA TATU: KIPANDE CHA CHUMA CHINI YA SPRINGI

Hii ndiyo njia inayopendwa na vijana wa mjini kwa kuwa ni rahisi na yaonekana upesi. Kipande kizito cha chuma huwekwa kati ya springi ya nyuma na ekseli, kisha vyote hufungwa kwa yubolti ndefu zaidi. Kipande cha inchi 2 huinua nyuma kwa inchi 2.

Kwanza hakikisha springi zako ziko juu ya ekseli. Kama ziko chini ya ekseli, kipande hiki kitashusha gari badala ya kuliinua. Tena kipande chenyewe kiwe chuma kizima, kisiwe mti. Mti hukauka na kunywea, yubolti hulegea, na siku ya kufunga breki kwa nguvu ekseli huruka nje ya mahali pake. Vilevile kisiwe bomba tupu lililochomelewa. Kiwe na tundu juu la kupokea kichwa cha bolti ya katikati ya springi, na kijiti chini cha kuingia katika tundu la ekseli. Bila hivyo ekseli itateleza.

Yubolti ziwe mpya na za urefu sawasawa. Zile za zamani zimekwisha kuvutika, usizitumie tena. Zikazwe kwa zamu, kwa mshazari, kidogo hapa na kidogo pale, mpaka zote zilingane. Usipandanishe vipande viwili kimoja juu ya kingine, na usipite inchi 2. Kadiri kipande kinavyokuwa kirefu, ndivyo ekseli inavyopata nguvu ya kukisokota springi wakati wa kuondoka na wakati wa breki.

Na neno hili lishike sana: kipande cha namna hii kisiwekwe kamwe kwenye ekseli ya mbele. Huko mbele ndiko kwenye usukani na ndiko breki zinakofanya kazi kubwa. Kipande kikichomoka mbele, hakuna dereva awezaye kulizuia gari.

NJIA YA NNE: SHAKO NDEFU

Ncha ya nyuma ya springi huning'inia kwa vipande viwili vya chuma ambavyo mafundi huviita shako. Shako ndefu zaidi husukuma chesisi juu. Lakini kwa kuwa zinainua ncha moja tu ya springi, faida yake ni nusu. Shako iliyozidi kwa inchi 2 huinua gari kwa inchi 1 tu.

Njia hii ni ya bei nafuu, lakini gari huyumba zaidi kwenye kona, na ekseli hubadilisha pembe yake kidogo, hata propela shafti yaweza kutetemeka. Ukihitaji inchi 1 nyuma, yafaa. Ukihitaji zaidi, rudi kwenye springi zenyewe. Na shako zikatwe katika bamba la chuma lenye unene usiopungua ule wa asili, zifungwe na chuma cha kuziunganisha katikati zisipinde upande.

HABARI ZA MBELE

Pikapu huundwa nyuma ikiwa juu kidogo ili ikipakiwa isimame sawa. Kwa hiyo wengi hawahitaji kuinua mbele kwa zaidi ya inchi 1.

Tazama gari lako ni la namna gani. Pikapu nyingi za zamani, kama Isuzu D-Max za kwanza na Nissan Hardbody, hazina springi ya mbele ya kuzunguka. Zina fito mbili ndefu za chuma zinazosokotwa gari likipanda na kushuka. Mafundi huziita toshenba. Mwisho wa kila ufito pana bolti ya kurekebisha, na ukiikaza, gari hupanda mbele. Njia hii haina gharama ila jasho na spana. Weka alama ya rangi mahali bolti ilipo sasa, ili uweze kurudi. Inua mbele kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, kaza pande zote mbili idadi sawa ya mizunguko, shusha gari, liendeshe mbele na nyuma mita chache litulie, ndipo upime. Usipite inchi 1 na nusu. Ukipita hapo, gurudumu halitakuwa na nafasi ya kushuka shimoni. Litapiga ghafula mwisho wake, na viungo vya usukani vitalika. Katika gari linalovuta kwa magurudumu manne, mipira ya shafti za mbele nayo itapasuka mapema.

Kama gari lako lina springi za kuzunguka zilizoshika shokabsoba ndani yake, kama Toyota Hilux zilizotoka tangu mwaka wa 2005, kipande cha chuma huwekwa juu ya kichwa cha shokabsoba. Kwa sababu ya namna mikono ya chini ilivyotegwa, kipande cha nusu inchi huweza kuinua gari karibu inchi 1. Kazi hii mpe fundi mwenye kifaa cha kubana springi. Wewe usifungue nati ya katikati. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya la mtu.

MAMBO YA KUKATAA

Mtu akikushauri kuinua bodi peke yake kwa kuweka vipande kati yake na chesisi, mkatalie. Bodi itapanda, lakini chesisi, injini na difu vitabaki pale pale, na matope hayatajua kwamba umelipa pesa. Tena usukani, bomba la maji na mdomo wa tangi vitavutika. Kataa pia kukatwa na kuchomelewa kwa mikono ya usukani, na kataa kipande cha mpira kinachosukumwa kati ya mizunguko ya springi ya kuzunguka. Kipande hicho huzuia springi kufanya kazi, nayo hukatika.

USIINGIE CHINI YA GARI LILILO KWENYE JEKI

Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Watu wamekufa kwa kusahau neno hili. Chagua mahali pagumu na sawa. Ziba magurudumu yaliyo chini kwa mawe makubwa au vipande vya mti, mbele na nyuma. Inua gari, kisha liweke juu ya stendi za chuma zilizo chini ya chesisi au ekseli. Kabla hujaingia chini, lisukume kwa mkono kwa nguvu. Likitikisika, anza tena. Tofali na mawe ya kujengea yasitumike badala ya stendi. Hupasuka bila kutoa habari. Na asiwepo mtoto wala mtu ndani ya gari.

BAADA YA KUINUA

Kazi haikwisha gari likisimama juu. Fuata mambo haya moja baada ya jingine.

1. Mipira ya breki. Ning'iniza magurudumu na uone kama mipira ya breki imekazwa kama kamba ya ngoma. Ikiwa hivyo, weka mirefu zaidi.

2. Valvu ya breki ya nyuma. Pikapu nyingi zina kijiti kinachounganisha ekseli na valvu kwenye chesisi. Valvu hiyo hupima mzigo: chesisi ikiwa juu, hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Ukiinua gari bila kurekebisha kijiti hicho, utakuwa na mzigo wa tani moja na breki za gari tupu. Mafundi wengi husahau jambo hili. Wewe usisahau.

3. Shokabsoba. Kama zimefika mwisho wa urefu wake, zitang'oka. Tafuta zenye urefu unaofaa.

4. Magurudumu ya mbele. Peleka gari lipangwe upya. Ukiacha, tairi mpya zitalika upande mmoja kwa muda mfupi, na faida yote imepotea.

5. Taa. Pua ya gari ikipanda, taa hupiga machoni mwa wenzako. Zishushe.

6. Nati. Kaza yubolti tena baada ya kilomita 100, na mara nyingine baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Jambo la mwisho ni la dereva mwenyewe. Gari lililoinuliwa, uzito wake umepanda juu, nalo hupinduka upesi kuliko zamani. Magunia yaliyopangwa juu ya kichwa cha dereva huzidisha hatari, na maziwa katika tangi lisilojaa huyumba upande kwa upande. Panga mizigo mizito chini na karibu na kabini. Ukishuka mteremko wa Mai Mahiu au kupinda kona za mlimani, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.

SHERIA NA BIMA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka kila gari liwe katika hali isiyoleta hatari kwa wengine barabarani. Magari ya biashara hukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, na kituo cha Nairobi kiko Likoni Road, Industrial Area. Mkaguzi akiona vipande vya mti chini ya springi, hatakupa cheti. Tena waarifu kwa barua watu wa bima kabla ya kuligeuza gari. Mwenye kuficha mabadiliko hujipa matatizo siku ya ajali, wakati anapohitaji msaada kuliko siku zote.

TAZAMA NA BARABARA PIA

Magari ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka wa 1953, yalikuwa yakiinuliwa na kukingwa tumboni kwa bamba la chuma kabla ya kuingia katika matope yetu. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Lakini madereva wale walipita mara moja na kwenda zao. Wewe utapita njia ile ile kesho, na kesho kutwa, na masika ijayo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, tembea kwa miguu katika njia ya shamba lako. Mara nyingi mahali panapokwamisha gari ni pawili au patatu tu. Watu kumi wenye majembe waweza kulikata tuta la katikati kwa asubuhi moja. Mtaro wa kando utaondoa maji, na lori moja au mawili ya murram yatajaza mifereji ya magurudumu. Ongea na majirani zako, mchange mchana mmoja wa kazi. Barabara mliyoitengeneza itainua magari yote ya skimu kwa pamoja, ya tajiri na ya maskini, bila kugusa springi hata moja.

Ikiwa njia imetengenezwa na bado pikapu inagonga, basi fuata utaratibu huu: pima, rudisha springi zilizochoka, badilisha tairi zitakapokwisha, na mwisho kabisa ongeza vyuma, tena visizidi inchi 2. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jani moja la springi lililobadilishwa leo ni gharama ndogo kuliko pikapu iliyolala ubavuni na viazi vya msimu mzima vimemwagika bondeni.